Mto Ukijaa Hulala Wapi?

Mama yetu alizaliwa Kipini, pale Mto Tana unapoingia baharini, na kwa hiyo hauulizi mto kama tunavyouuliza sisi watu wa mjini. Sisi tungetaka kujua kama una mamba, au kama maji yake yafaa kufulia. Yeye, siku tuliyompigia simu Mombasa kumpa habari ya posa, alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Huko anakotakwa mtoto kuna mto?" Tukamjibu kwamba upo, waitwa Kuja. Akauliza, "Ukijaa hulala wapi?"

Hatukuwa na jibu. Tulikuwa tumekaa Migori mwaka wa sita, tumeshavuka madaraja yake mara zisizohesabika, na hatukuwa na jibu.

Sisi tunaoandika haya ni dada wawili, wenyeji wa Mombasa, tuliowafuata waume zetu katika biashara ya leso na vitambaa. Mtoto aliyetakwa ni binti wa dada yetu mkubwa, Allah amrehemu, aliyemwacha akiwa na umri wa miaka minne. Tumemlea sisi, anatuita mama sote wawili, nasi hatumwiti ila binti yetu. Baba yake yuko kazini Muscat, naye ndiye walii wake. Tulipompelekea habari alisema, "Nyinyi ndio mnaoona kwa macho. Tazameni. Mkiridhika, nami nimeridhika." Ni maneno mepesi kuyasikia, lakini aliyekabidhiwa mtoto wa marehemu anajua uzito wake. Mtoto wako ukimwoza vibaya utajilaumu; mtoto wa amana ukimwoza vibaya utaulizwa.

Kijana mwenyewe ni Mjaluo, Mwislamu mwana wa Mwislamu, mwalimu wa hisabati. Waume zetu walimjua msikitini kabla sisi hatujamjua, na dini yake na tabia yake hazikuwa na neno. Binti alikuwa ameridhia. Kilichotutia wasiwasi ni kwao: Nyatike, sehemu ya chini ya mto, mahali ambapo kila masika tunasikia redioni kwamba watu wamelala nje. Jamaa za Mombasa nao hawakutusaidia. Mmoja alisema tunakwenda kumtupa mtoto bara, tena majini. Tusifichane: baadhi ya maneno yale hayakuwa ya maji hata kidogo. Lakini hatukuweza kuyajibu yale yasiyo ya maji kabla ya kuyajibu ya maji, na swali la mama lilikuwa swali la haki.

Tulikumbuka basi jambo la kuchekesha. Tulipokuwa sekondari, sote wawili tuliukariri Mto Rhine. Unaanza katika milima ya Alps huko Uswisi, unapita Ziwa Constance, unageuka kaskazini pale Basel, unapita viwanda vya Ujerumani, na kumaliza safari yake Uholanzi karibu na bandari ya Rotterdam, baada ya kilomita 1,230 hivi. Tuliuchora kwa kalamu ya buluu na tukapata alama. Hata leo tukiamshwa usiku wa manane twaweza kuutaja. Na mto unaopita saa chache kutoka dukani kwetu, ambao huenda ungepita uani kwa binti yetu, hatukuujua mwanzo wala mwisho. Tukaazimia kuufuata toka juu hadi chini, kwa vipande, kila tulipopata siku mbili za kufunga duka.

Tulianza juu, kwa kuwa huko ndiko kuliko mbali na hofu yetu. Tulipanda gari hadi Kisii, kisha Nyamira, kwenye nyanda ambazo zimezidi mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Kwa mtu wa pwani, baridi ya huko ni ya kuvalia vitu viwili juu ya baibui. Vilima vimevaa chai na migomba, kimoja kimeegemea kingine, na hakuna kipande cha ardhi kisicholimwa. Hata mahali ambapo mbuzi angefikiri mara mbili, mtu ameshapanda mahindi. Upande wa vilima vya Kiabonyoru, bibi mmoja wa Kikisii alituonyesha chemchemi chini ya shamba lake. Ilikuwa maji ya kujaza beseni, yanatoka kimya chini ya jiwe. Tulitawadha pale, na maji yalikuwa meupe na baridi kiasi cha kuumiza vidole. Bibi alituambia kwamba zamani yalikuwa mengi zaidi, kabla watu hawajapanda mikaratusi kando ya vijito. Mkaratusi hukua upesi na kuuzika upesi, akasema, lakini unakunywa kama ngamia.

Yeye hakuuita Kuja. Aliuita Gucha, na ndivyo wanavyouita Wakisii wote, na ndivyo ulivyo kwenye ramani mpaka unaposhuka kwa Wajaluo. Hili halikutushangaza sana. Wasomaji wetu wa Malindi wanaujua Sabaki, ule unaoitia bahari yao wekundu kila mvua za bara zikinyesha. Huo huo juu kidogo ni Galana, na juu zaidi ni Athi. Hata Rhine ukifika Uholanzi hugawanyika ukaitwa Waal na Lek. Kila watu huuita mto kwa jina la kipande wanachochotea maji.

Kutoka pale mto una safari ya takriban kilomita 150 hadi Ziwa Victoria, ambalo uso wake uko kama mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Maana yake, unateremka karibu kilomita nzima kwenda chini kabla ya kufika, na sehemu kubwa ya mteremko huo ni huku juu. Tulipokuwa tunarudi, mvua ya mchana ilitukuta njiani karibu na Ogembo, na tukaona kwa macho kile ambacho vitabu hukieleza kwa mishale. Maji yalishuka kwenye mashamba kama yaliyofukuzwa. Kila mfereji ulikuwa rangi ya chai ya maziwa, na Gucha wenyewe, uliokuwa asubuhi mto wa adabu, ulikuwa umekwisha kuwa mwekundu na una sauti. Ule udongo tuliouona asubuhi chini ya migomba ulikuwa unahama.

Sehemu ya katikati hatuna mengi ya kusema juu yake. Mto unapita pande za Rongo, unaingia nchi ya miwa. Mto Sare, unaopita Awendo penye kiwanda cha sukari, unaungana nao, na vijito vingine kadhaa. Mji wetu wa Migori hauko juu ya Kuja, bali juu ya Mto Migori, ambao hutoka upande mwingine kabisa, nyanda za Trans Mara katika kaunti ya Narok. Twakiri kwamba kwa miaka sita tulidhani huo wa mjini ndio mto wenyewe. Mito hii miwili hukutana chini, katika Nyatike, kabla ya kufika ziwani, na wenye elimu ya maji huihesabu kuwa bonde moja, la kilomita za mraba zaidi ya 6,000. Yaani mvua ikinyesha Nyamira, ikanyesha Kisii, ikanyesha Trans Mara, yote hutafuta mlango mmoja, na mlango huo uko kwa wakwe zetu watarajiwa.

Safari ya pili tulikwenda na binti mwenyewe, kwa kuwa hatukutaka aambiwe mambo yake na watu wengine. Tulipita Gogo, pale Kuja unapoanguka juu ya mawe. Kuna kituo kidogo cha umeme, megawati 2 tu, kilichojengwa miaka ya 1950 ili kuupa nguvu mgodi wa Macalder. Tulitarajia maporomoko ya kutisha. Tulikuta bwawa dogo lililojaa matope karibu nusu, ndege weupe wamesimama juu ya matope hayo kama walio na hati ya shamba. Binti alisema, "Hii ndiyo Kisii yote imekuja kukaa hapa." Hakukosea.

Macalder ndiko tulikokaa kimya. Mgodi mkubwa ulifungwa miaka ya 1960, lakini dhahabu haikwisha, na mpaka leo watu huchimba kwa mikono katika mashimo ya Nyatike, Macalder na kwingineko. Wanaume hushuka shimoni. Wanawake hukaa juu, wakivunja mawe kwa nyundo, wakisaga, wakiosha mchanga katika mabeseni. Mama mmoja alituonyesha bila kusita jinsi anavyofanya: anamwaga zebaki ndani ya beseni, anaikoroga na mchanga kwa mikono mitupu, na ile zebaki inazishika chembe za dhahabu mpaka kuwa donge dogo la kijivu. Kisha donge huchomwa motoni, zebaki ikaondoka kwa moshi, dhahabu ikabaki. Moshi ule ni sumu kwa mapafu na kwa ubongo, na kwa mwenye mimba ni sumu kwa aliye tumboni. Maji ya beseni humwagwa, na yote yaliyomwagwa mwisho wake ni kijitoni, mtoni, na ndani ya samaki. Mama yule alikuwa na mtoto mgongoni. Tulimwambia tuliyoyajua. Akasema ameyasikia, na kwamba watu wa afya walikuja wakasema hivyo hivyo, kisha wakaondoka, na njaa ikabaki.

Tulikuwa tumekuja Nyatike kwa ajili ya arusi, na katika mkoba wa mmoja wetu kulikuwa na karatasi ya sonara wa Mombasa yenye bei za bangili. Karatasi ile hatukuitoa tena siku hiyo. Katika nyumba zetu tunaijua dhahabu kwa karati na kwa gramu. Hatukuwahi kuijua kwa mikono.

Chini ya mahali mito miwili inapokutana, nchi hubadilika ghafla. Vilima huisha. Unaingia uwanda mpana, udongo wa kijivu uliopasukapasuka, miti ya miiba, jua kali. Mvua huko ni haba kuliko Kisii, na hili ndilo jambo ambalo hatukuwa tumelielewa tulipokuwa tukisikiliza redio mjini. Mvua inayowafurisha watu wa Nyatike mara nyingi haiwanyeshei wao. Huinyeshea Kisii usiku, na wao huamka chini ya mbingu safi wakakuta mto umekwisha kuvuka ukingo. Mto ulioshuka kwa kasi ukifika kwenye uwanda hupoteza mbio. Ukipoteza mbio huutua mzigo wake wa udongo. Udongo ukitua chini ya mto, sakafu ya mto hupanda mwaka hadi mwaka, mpaka mto unakuwa kama sahani iliyojaa inayobebwa na mtu mwenye kutetemeka.

Wenyeji wetu walitupokea kwa heshima ambayo hatutaisahau. Walikuwa wametandika mkeka mpya wa kuswalia, wameuelekeza kibla kwa uhakika, na pembeni pameweka birika. Mama wa kijana alituletea ngege wa kukaanga na ugali wa mtama, akatuomba radhi kwamba hakuwa na ningu. Alitueleza kwamba ningu ni samaki wa mto huu hasa. Anaishi ziwani, na mvua zikianza hupanda mto kwenda kutaga juu, na bibi zake walikuwa wakimtega kwa vikapu kwa wingi kiasi cha kuwapa majirani. Kisha zikaja nyavu nyingi mlangoni mwa mto, zikawazuia wale wanaopanda kabla hawajataga. Sasa kumpata ni bahati.

Ukutani, ndani ya sebule, palikuwa na mstari. Rangi ya ukuta ilikuwa njano juu ya mstari na kahawia chini yake. Tulijitahidi kutoutazama, kama vile mgeni asivyotazama kovu la mwenyeji wake. Mama wa kijana akaona kwamba tunajitahidi. Aliinuka, akasimama kando ya ukuta, na mstari ukamfika kifuani. "Ni mwaka wa 2020," akasema. "Huu ndio mwaka uliotutoa."

Mwaka ule mvua zilikuwa kubwa juu, lakini kulikuwa na jambo la pili. Ziwa lenyewe lilikuwa limepanda. Mwezi wa Mei 2020 lilifika kimo kilichoipita hata rekodi ya mwaka 1964. Kwa hiyo mto uliposhuka na maji yake ulikuta mlango umekwisha jaa. Ulirudi nyuma, ukatandaa. Walitoka usiku, kijana amembeba bibi yake mgongoni. Kanisa la jirani, lililo kwenye mwinuko, liliwafungulia wote bila kuuliza, na kwa siku tisa familia hii ya Kiislamu iliswali katika pembe ya kanisa, ambapo mchungaji alikuwa amewasogezea mabenchi ili wapate nafasi ya kusujudu. Tuliporudi Migori tulimsimulia yule jamaa wa Mombasa habari hii kwa simu. Hakusema kitu, jambo ambalo kwake si la kawaida.

Hapo ndipo mmoja wetu alipouliza swali la mama, kwa maneno yale yale: mto ukijaa hulala wapi?

Mama wa kijana hakufikiri hata kidogo. "Hulala kwetu," akasema.

Tulinyamaza sote. Kisha akaendelea, kama mtu anayemtetea ndugu mkorofi mbele ya wageni. Alisema mto ukiondoka huacha udongo, na mahindi ya mwaka unaofuata huwa hayahitaji mbolea. Alituonyesha upande wa mashamba ya mpunga, mradi wa umwagiliaji wa Lower Kuja, ambapo maji ya mto huu huu yamepitishwa kwenye mifereji, na watu waliokuwa wakilima mtama wa kubahatisha sasa wanauza mchele. Bila Kuja, akasema, hapa pangekuwa mahali pa kupita tu. Tulimwamini. Lakini tuliutazama ule mstari tena, na mara hii tulimtazama binti pia, naye alikuwa akiupima kwa macho dhidi ya bega lake mwenyewe.

Shida haikuwa udongo wala maji, tulikuja kuelewa baadaye, bali mila. Kwa Wajaluo, mtoto wa kiume hujenga ndani ya boma la baba yake, na boma halihamishwi kama duka. Baba mtu alikuwa na ardhi nyingine juu, kwenye mteremko, kavu na salama, lakini kuhamisha boma kuna utaratibu wake na wazee wake, na tangu 2020 alikuwa akisema atahama mwakani. Hili hakutuambia yeye. Alituambia dada yake, shangazi wa kijana, ambaye tulimfuata Kendu Bay.

Njia ya kwenda huko ni nzuri: kutoka Sori kwenye ghuba ya Karungu, kupitia Rodi Kopany, mpaka Homa Bay, kisha kandokando ya ziwa hadi Kendu Bay. Sasa uko katika kaunti ya Homa Bay, na mito yake ni mingine. Awach Tende na Awach Kibuon nayo hushuka kutoka nyanda za Kisii, mifupi, yenye haraka, na imetiwa mifereji katika mradi wa Kimira na Oluch. Mbele zaidi ni Sondu-Miriu, unaotenga Homa Bay na Kisumu, na ambao huzalisha umeme mwingi kuliko ule wa Gogo. Mtu akiitazama ramani ataona kwamba nyanda zile za juu ni kama paa la nyumba, nayo mito hii ni maji yanayodondoka kwenye kingo zake.

Kendu Bay ilitufariji kwa sababu ilitukumbusha kwetu. Ni mji wa bandari ya zamani, wa enzi za meli kutoka Kisumu, na Uislamu umekaa pale kwa muda mrefu. Kuna msikiti wa miaka mingi, na watu ambao asili yao ni Wajaluo, Wahindi na Waswahili wamezikana na kuoana mpaka ukoo hauna haja ya kuelezwa. Shangazi alitukaribisha kwa Kiswahili ambacho kingepita Mombasa bila kusimamishwa. Baada ya chai alitupeleka Simbi Nyaima, ziwa dogo la shimo la volkano karibu na mji, la mviringo, maji yake ya kijani na ya magadi, na pembezoni mna heroe wa waridi. Hadithi ya wenyeji ni kwamba palikuwa na kijiji. Usiku wa karamu alikuja kikongwe wa mbali, mchovu, akafukuzwa nyumba hadi nyumba, akapokelewa na mwanamke mmoja tu. Akamwambia mwanamke yule aondoke, na maji yakakifunika kijiji. Shangazi aliisimulia bila kupamba, akirusha vijiwe majini.

Kisha akasema yaliyokuwa moyoni mwake. "Dada zangu, mtoto wetu ni mzuri, mchukueni. Lakini msikubali nyumba ya chini. Ndugu yangu anangoja mto umpe ruhusa ya kuhama. Mimi nitampigia simu leo." Na akampigia pale pale, mbele ya heroe, kwa Kijaluo cha kasi ambacho hatukuhitaji kukijua. Tulisikia jina la binti yetu mara mbili, na neno "Mombasa" mara nyingi kuliko lilivyostahili.

Usiku ule tulimpigia mama. Tulimweleza mto wote, toka chemchemi ya Kiabonyoru hadi kifua cha yule mama wa Nyatike, na tukamfikishia jibu: hulala kwao. Mama aliguna. Akatusimulia, kwa mara ya kwanza kwa urefu, mafuriko ya mwaka 1961, alipokuwa msichana Kipini, Tana ulipovimba mpaka watu wakafunga vyombo vyao juu ya minazi na mwili wa maiti ukapelekwa makaburini kwa mtumbwi. Tulikuwa tumesoma kidogo wakati huo, tukamwambia jambo ambalo hakulijua: mvua zile za mwisho wa 1961 hazikuwa za Tana tu, bali za Afrika Mashariki nzima, na ndizo zilizolipandisha Ziwa Victoria kwa takriban mita 2 kufikia 1964. Ile rekodi ya 1964 iliyovunjwa Mei 2020 ilianzia kwenye mvua ya utoto wake.

"Basi mvua yetu ni moja na hao watu," akasema. Baadaye akauliza, "Na hilo ziwa nalo, maji yake huenda wapi?"

Hapa tulikuwa tumejiandaa. Tulimwambia kwamba ziwa lina mlango mmoja wa kutokea, pale Jinja nchini Uganda, nao ndio mwanzo wa Nile Nyeupe. Maji hupita Ziwa Kyoga na Ziwa Albert, Juba, vinamasi vikubwa vya Sudani Kusini ambako mengi hupotea kwa jua, Khartoum ambako Nile ya Buluu kutoka Ethiopia huja na maji mengi zaidi, kisha Aswan, Cairo, mpaka Bahari ya Mediterania pale Rashid na Dumyat. Kwa haki tulimwambia pia kwamba tone la Kuja lina bahati ndogo sana ya kufika, kwani ziwa hupokea maji yake mengi kutoka kwa mvua inayonyesha juu yake, na mengi zaidi hurudi angani. Lakini njia ipo. Mtu aliyezoea kwamba mito yote ya Kenya inakuja kwake Pwani alilazimika kugeuza kichwa chake upande wa pili.

"Cairo," akasema mama. "Alikozikwa Imam Shafi."

"Huko huko."

Akanyamaza tukadhani simu imekatika. Kumbe alikuwa anahesabu. Alituagiza tumwambie baba wa kijana kwamba yeye, kizee cha Kipini, anataka msingi wa nyumba uwe juu ya mstari wa 2020 kwa dhiraa mbili kamili, na dhiraa apimayo ni ya mkono wa mtu mzima na si wa mtoto; na kwamba hilo likifanywa, hana neno.

Wiki tatu baadaye mwalimu alitutumia picha. Baba yake na wazee wawili wamesimama kwenye mteremko, kamba imevutwa kati ya vigingi, na mzee mmoja amenyoosha mkono wake kando ya kigingi, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole, kwa uso wa mtu anayetia sahihi mkataba. Nyuma yao, chini kabisa, unauonekana Kuja, mwembamba na wa kahawia.

Tulimpelekea picha walii Muscat. Alipiga simu usiku ule ule, akashukuru, akauliza tarehe, akauliza nani atafungisha nikaha, mwishowe akauliza mahari ni kiasi gani. Tukatazamana. Kwa miezi minne tulikuwa tumezungumza habari za mito, na hakuna aliyeikumbuka mahari. Ikabidi tumwite binti aulizwe. Naye alikuwa nayo tayari: cherehani, na tangi la maji ya mvua la lita 5,000.